Paundi Elfu Tatu na Mia Tano

Jumamosi, 16 Mei 2015

Baba kapenda! Kapenda kama kijana aliyemwona binti mpya kwenye kwaya. Trela la futi ishirini na nane. Lina sebule. Lina jiko la mafiga matatu ya gesi. Mlango wa choo unafungwa kwa ndani. Akakaa kwenye kochi akakunja nne — hapa Bibi atalala kama malkia, anasema. Muuzaji miwani kichwani, anatabasamu tu. Nikamuuliza, gari letu litaliweza? Hata hakugeuka kuliangalia. Eti vani kama hizi zinavuta chochote.

Chochote!

Nikatoka nje, nikachimbua kitabu cha gari kwenye droo, kurasa zimegandana kwa soda. Mwisho wa kuvuta: paundi 3,500. Nikarudi kusoma kibandiko cha trela la Baba. 6,800. Likiwa tupu! Bila hata kijiko!

Nikamwambia. Akaniambia yeye alitoa magunia ya mihogo soko la Kasulu mpaka kambi ya wakimbizi, matatu, kwa baiskeli, na kile kilima. Nikamjibu: Baba, injini ya ile baiskeli ilikuwa wewe, ukichoka unakaa juu ya jiwe unakunywa maji. Hili likichoka liko kwenye mteremko na Bibi ndani.

Akaongeza sauti ya redio mpaka nyumbani. Mama kiti cha nyuma alikuwa anacheka ndani ya kitenge chake, nilimwona kwenye kioo.


Jumapili, 17 Mei

Niandike sababu, nikija kusoma mwakani nisijione kichaa.

Nyonga ya Bibi. Akikaa saa mbili mguu unakufa. Lazima alale chali, kitandani, nusu saa nzima. Mwaka jana tulijaribu kwenda Buffalo. Tukafika Cincinnati, akalala kwenye nyasi za kituo cha mafuta, watu wakataka kumwitia ambulensi. Tukageuza. Ndege hataki kusikia. "Nilipanda mara moja ikanileta huku. Nikipanda tena nani anajua itanitupa wapi."

Na mdogo wake yuko huko. Bibi Teopista. Waliachana 2007, pale kambini Mtabila, siku ya mabasi ya kutuleta Amerika. Karatasi ya Bibi ikasema Louisville, ya mwenzake ikasema Buffalo. Wote wawili wakadhani ni mitaa ya mji mmoja! Waliagana kama watu watakaoonana jioni. Miaka minane sasa ni simu tu.

Sasa Bibi Teopista kanunua nyumba Black Rock, huko huko Buffalo. Ya mbao, ya kijani, karibu na mto. Hajalala ndani hata siku moja. Amejibanza kwa mwanawe Kenmore, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kitenge. Kaapa: wa kwanza kuvuka ule mlango ni dada yangu Liberati. Padri kishapangwa — 4 Julai, saa nane mchana.

Basi tunatafuta kitanda chenye magurudumu. Na anayetafuta ni mimi, nani mwingine? Dereva wa safari ndefu nyumba hii ni mimi, fundi wa breki ni mimi, na vyote nimejifunzia kwenye simu, wakati wa mapumziko ghalani.


Jumanne, 19 Mei

Nimechora trela kwenye boksi kazini. Mishale kila mahali. Nzigire, yule Mkongo tunayefunga naye mizigo mstari mmoja, kanichungulia begani, na Kifaransa chake katikati: "Florida, weye uko mwanamuke wa namna gani? Donc unalalaka na kalkuleta?"

Nalala nayo, ndiyo!

Kitu cha leo: siyo uzito wote tu. Kuna uzito unaokaa kwenye ulimi wa trela, pale mbele linaposhika gari. Ukiwa mwingi, gari linakaa kitako. Ukiwa mdogo, trela linaanza kutikisa mkia barabarani, na likitikisa hivyo limekwisha. Nimesoma mara nne sijaelewa. Jioni nikamsomea Baba, nikiwa natafsiri, naye akacheka. Akachukua kiti cha jikoni akakigeuza kuwa baiskeli. Gunia ukilifunga nyuma kabisa ya keria, gurudumu la mbele linanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi, unaanguka mbele ya wasichana. Ukilisogeza karibu na tandiko, unapanda kilima unapiga mluzi.

Dakika moja! Mimi nimepoteza siku mbili na video, na mwalimu yuko hapa anakula ugali.

Tumepatana. Hajataja sebule tena.


Jumamosi, 30 Mei

TUMELIPATA!

Shepherdsville, nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kizungu, mjane. Futi kumi na sita. Jeupe, lina mstari wa rangi ya machungwa, dirisha moja limezibwa kwa gundi. Lina breki zake lenyewe. Tupu ni paundi 2,450! Nilisoma kibandiko nikatamani kukibusu. Nikapiga hesabu mbele ya yule mama: zinabaki elfu moja na hamsini za vitu. Tele!

Nikaingia chini kwa tumbo. Chasisi kutu kidogo tu. Matairi yana miaka saba, yatabadilishwa. Nikabonyeza sakafu yote kwa kisigino, pembe hadi pembe, kutafuta mbao zilizooza. Mama mjane akamwambia Baba kwamba marehemu mume wake hakuwahi kulikagua hivi. Baba akavimba kifua kana kwamba yeye ndiye aliyenifundisha.

Halafu Bibi. Tulimshusha garini taratibu. Ngazi mbili tu, kazihesabu kwa sauti. Akalala. Akaamka. Akalala upande wa pili. Akaingia chooni, akafunga, kimyaaa. Tukaangaliana. Akatoka: "Maji yanashuka."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, anapapasa godoro. Akasema: "Nimehamishwa mara tano maisha yangu. Hii ndiyo nyumba ya kwanza inayohama nikisema mimi."

Yule mjane akauliza bibi kasema nini. Nikamtafsiria. Akaingia ndani kwake akatoka na mapazia mapya, bure.


Jumatano, 3 Juni

Mama alikuwa anadhani Bibi atasafiri amelala humo. Hapana! Sheria hairuhusu, na mimi pia siruhusu. Bibi garini, mkanda kafunga. Kila saa moja na nusu tunasimama, anahamia kitandani, nusu saa, tunaendelea. Mama kasema sawa, kama Misa, kukaa na kusimama.


Jumamosi, 13 Juni

Kurudi nyuma na trela. Nani aliyebuni mateso haya!

Uwanja wa magari wa parokia, asubuhi. Ukitaka trela liende kushoto unazungusha usukani kulia. Nilijua. Niliandika. Nilichora! Mikono haijui kusoma. Baba nyuma ananielekeza: kushoto, kushoto — anaonyesha kulia. Nikagonga pipa la takataka. Likaviringika mpaka kwenye mlango wa kanisa, na kwaya ndiyo kwanza inatoka mazoezini. Sauti ya tatu yote ikakaa kwenye ngazi kutazama. Wakanipigia makofi kila nikikosea.

Mara ya kumi na saba liliingia. Katikati ya mistari miwili, moja kwa moja, kama droo! Waliimba Aleluya. Kweli waliimba.


Jumapili, 21 Juni

Nataka kulia na nataka kucheka.

Baada ya komunyo, matangazo. Baba kanyanyuka. Sikujua! Kaenda mbele, kashika maiki: ndugu zangu, mimi Leopoldi na familia yangu tunaenda Buffalo, mama yangu anaenda kumwona mdogo wake baada ya miaka minane, tuombeeni safari njema. Makofi, vigelegele. Mimi nikainama. Nani hajui maana yake? Ukishasema "naenda" mbele za watu wetu, umeshasema "leteni".

Wa kwanza kanikuta kabla sijafika garini. Gunia la unga wa muhogo, la shemeji yake Buffalo.


Alhamisi, 25 Juni

Kibaraza kimejaa. Unga. Maharage. Dagaa wa kunuka mpaka barabarani. Mawese chupa nane. Kinu na mchi wake! Cherehani. Mzee wa kwaya kaleta ngoma kubwa, gogo lile lenyewe, wanakwaya wawili wameibeba — zawadi ya parokia, ipigwe siku ya kufungua nyumba.

Nzigire naye: "Florida, bon, ni kitu kadogo tu. Haiko na kilo mingi." Sufuria ya kupikia watu hamsini. Na kifuniko.

Nikamwambia Baba turudishe nusu. Kanitazama kama nimetukana. Mzigo wa mtu haurudishwi. Tulipofika na begi moja la nailoni, nani alitubebea godoro? Watu hawa hawa. Na wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni kweli, kwa wao. Usufi wao uko juu ya ekseli YANGU.

Basi nimeleta mizani ya bafuni kibarazani. Napanda peke yangu, nashuka, napanda nimekumbatia mzigo, natoa uzito wangu. Moja moja. Naandika jina na paundi. Watu wakapenda! Wakapanga foleni wapimwe na wao. Mzigo wa Nzigire tulipima, yeye mwenyewe akakataa kupanda, akasema mizani ya Amerika haina heshima.

Jumla ya mizigo ya watu: 558.


Jumatano, 1 Julai

Hesabu ya mwisho. Naandika hapa ili iwe ushahidi.

Trela tupu 2,450. Vitu vyetu — magodoro, vyombo, nguo, viti — 420. Ya watu 558. Tanki la maji, tupu, sifuri.

3,428! Zimebaki sabini na mbili! Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Mama akaniuliza, na maji? Nikamwambia tanki linabaki tupu, maji ni mazito kuliko maharage, tutajaza tukifika. Buffalo kuna maji, Mama, kuna ziwa zima. Akasema, "Hata Mtabila walituambia yapo."

Ngoma nimeiweka karibu na ekseli, sio nyuma. Kama gunia karibu na tandiko. Baba kaitikia kwa kichwa.


Ijumaa, 3 Julai. Columbus

Sijui nianzie wapi. Nianze na uzuri.

Bibi kaimba kuanzia daraja la Ohio! Vituo viwili, mara mbili kahamia kitandani, mara mbili mguu umeamka. Kituo cha pili kaanza kukaribisha watu ndani — mama mmoja na mbwa wake kaingia, kaonyeshwa mapazia, kapewa chapati.

Lakini gari. Kile kilima cha kushukia Cincinnati nilishuka vizuri, breki zikashika. Tulipoanza kupanda upande wa pili, mshale wa joto ukapanda nao. Nikazima AC. Nikakaa njia ya malori, taa zinawaka na kuzimika. Baba kasema ni upepo. Nikakubali ni upepo. Nilitaka uwe upepo!

Baba mdogo Medard alitungojea kwenye kituo cha malori, nje ya Columbus. Yeye ni dereva wa lori, na kitu cha kwanza hata kabla ya salamu: pandisha mizani. Tukafungua trela, tukaliacha peke yake juu ya lile bamba la chuma. Karatasi ikatoka.

3,770.

Nikasoma tena. 3,770. Mia mbili na sabini zaidi.

Medard hakugomba, ndiyo mbaya zaidi. Kanishika bega: "Mwanangu, mimi navuta paundi elfu arobaini kila siku na sijawahi kubishana na mizani. Hili haliondoki Columbus hivi." Akalivuta mwenyewe kwa piki-apu yake mpaka kwake.

Tukashusha kila kitu kwenye nyasi zake. Mke wake, mama mdogo Chimène, katoka na mwiko mkononi: "Yesu wangu! Donc munahama? Louisville imebakia na nini?" Halafu akaona nyuso zetu akaweka mwiko chini.

Mzigo wa nani uachwe? Hapo ndipo tulipokwama. Kila mzigo una jina. Baba akainua ngoma: hii ibaki. Bibi toka kwenye kiti: "Ngoma ikibaki, nyumba ya Teopista itafunguliwa kwa kugonga sahani?" Baba akaishusha. Akainua sufuria ya Nzigire. Mama akasema hiyo haiwezi, alilia alipoileta. Nami ndipo nikapasuka. Nikamwambia Baba, mbele ya mdogo wake, kama usingeshika ile maiki tusingekuwa hapa.

Alikaa juu ya gunia la unga akatazama mikono yake.

Tumeacha vyote nje chini ya turubai. Asubuhi nitachagua. Paundi 270. Kama hatujaondoka saa moja, padri atafika kabla yetu.


Jumamosi, 4 Julai. Bado Columbus

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimekaa kwenye nyasi na daftari. Nimejumlisha mara tatu. 3,428. Mizani inasema 3,770. Tofauti 342! Sio kosa la kupima dagaa vibaya. Kuna kitu kizima humo ambacho sikukiandika. Na mizigo ya watu — nilipima kila mmoja kwa mwili wangu! Maana yake sio wao. Maana yake sio Baba.

Medard akatoka na kahawa yake. Akazunguka trela kama anavyozunguka lori, anagonga gonga. Matairi. Ubavu. Akainama chini, akagonga tanki la maji kwa kifundo cha kidole.

Du.

Tupu lingesema deng. Hata mtoto anajua dumu tupu linavyolia.

Akanitazama. Nikakimbia ndani, nikanyanyua godoro la Bibi, nikafungua kile kisanduku cha chini. Blanketi. Chini ya blanketi, madumu manne ya njano, yamejaa mpaka kwenye kifuniko.

Nilipogeuka Mama alikuwa mlangoni.

"Nilijaza jana alfajiri," akasema. "Ulipokuwa unaoga."

Nikaanza: Mama nilikuambia — akanikata.

"Florida. Foleni ya bomba nilipanga saa nane za usiku nikiwa na mimba yako. Siku mbili lilikauka. Usiniambie mimi kuna ziwa."

Galoni ishirini za tanki, paundi 166. Madumu manne, 176. Nilijumlisha kichwani, sikuweza kujizuia. 342. Kamili! Hata moja haijapotea!

Kisha Bibi, kutoka kwenye kiti chake pale barazani, akaanza. Kicheko cha chini kwanza, mabega tu, halafu akamwita Mama kwa jina. "Theodosia! Safari nzima mnanivutia kisima!" Medard kahawa ikamtoka puani. Mama naye akawa anacheka na kufuta macho, sijui kipi kilianza.

Nikaenda kwa Baba. Alikuwa anakunja turubai. Nikamwambia, haikuwa ile maiki. Akasema, "Najua. Parokia nzima ingetuombea bure?" Akanipa upande wa pili wa turubai nikunje.

Sasa tunatoa maji. Nilifungua koki, yakaanza kumwagika kwenye nyasi, na Mama akapiga ukelele kama nimemchoma. Hayamwagwi! Akaleta ndoo zote za Chimène. Kwa hiyo foleni tena: mimi kwenye koki, Mama, Baba, Medard, Chimène mwisho kwenye bustani yake ya lengalenga, ule mchicha wa kwao, na nyanya. "Maji ya Kentucky! Donc hizi mboga zitaongea Kiingereza ingine!"

Bibi Teopista kapiga simu. Amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake tangu jua halijatoka, ufunguo mkononi, majirani wanamsalimia. Anauliza tuko wapi. Bibi kamjibu, tunamwagilia. Kakata simu kwa kucheka, hakufafanua!

Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Saa saba za njia pamoja na vitanda vya Bibi. Inafika, ikiwa hakuna foleni Cleveland. Inafika! Medard na Baba wanapakia, ngoma kwanza, karibu na tandiko. Sufuria ya Nzigire ndani yake dagaa. Kila jina linarudi mahali pake. Naandika nimekaa kwenye ngazi, mguu kwenye koki, maji yanatoka polepole, uzi tu.

Madumu matatu yameshamwagwa. La nne Mama hatoi. Kalikumbatia. "Hili la Teopista. Mtu hafungui nyumba na maji asiyoyajua."

Nimepiga. 3,428 na 44. Ni 3,472. INAINGIA! Zimebaki ishirini na nane! Baba kalibeba mwenyewe, kaliweka karibu na ngoma.

Medard kawasha piki-apu, tunapita mizani kwanza, amesema bila karatasi mpya hatumuagi. Bibi kishafunga mkanda, anapiga piga dirisha: twende.

Na Chimène huyo anatoka jikoni. Anakimbia na ndara. Kakumbatia kitu kimefungwa taulo na foili, kinafuka moshi, mikono yote miwili, na anatembea ameegemea nyuma kidogo —

"Florida! Ni kitu kadogo tu!"

Nauliza wapi wanaweka mizani ya bafuni.